Niambieni Hii Dawa Itanifanya Nini

Dawa iliyokaribia kuniua niliinunua kwenye kemisti moja hapa Westlands, saa mbili usiku, nikitoka kazini. Niliulizwa swali moja tu: "Unalipa na M-Pesa ama keshi?"

Kijana aliyekuwa kaunta hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza vizuri. Nilimwambia ninaharisha, hii ni siku ya nne, tumbo linasokota na chooni naona damu kidogo. Akaniambia kile ambacho karibu kila mtu wa Nairobi amewahi kuambiwa: "Sister, hiyo ni amiba." Akanipa metronidazoli, ile sisi huita Flagyl, ya siku saba, kwenye kale kabahasha kadogo kalikoandikwa "2 x 3" kwa kalamu. Nikapanda matatu ya Kangemi, na kabla hatujapita ABC Place nilikuwa nimemeza dozi ya kwanza na maji ya chupa.

Kitu ambacho hakuniuliza, na ambacho mimi sikujua kwamba ni lazima niseme, ni kwamba nina vali bandia moyoni. Nimekuwa nikimeza warfarini kila jioni tangu nifanyiwe upasuaji nikiwa na miaka 19. Sasa nina 28.

Siku ya sita ya Flagyl nilikuwa napiga mswaki asubuhi, sinki likawa jekundu. Ufizi ulitoa damu na haukuacha. Kufika jioni mapaja yalikuwa na madoa ya zambarau kama ya mtu aliyepigwa, na chooni, wacha niseme tu, haikuwa "damu kidogo" tena. Kwenye idara ya dharura walipima INR, kile kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Mtu mwenye vali kama yangu anatakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Yangu ilisoma 9.2. Daktari wa zamu aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akauliza, "Nani alikupa Flagyl?" kwa sauti ya mtu anayeuliza nani amekuchapa.

Nililala hospitali siku tano. Shida ni kwamba hata kunirudisha hali ya kawaida kulikuwa na hatari yake. Wangenipa vitamini K nyingi kwa haraka, damu ingeweza kuganda juu ya vali. Wangeniacha, ningeendelea kuvuja. Walinishusha polepole, wakipima asubuhi na jioni, na mamangu akiwa kwenye kiti cha plastiki pembeni na rozari yake mkononi. Kila daktari aliyepita aliniambia kitu kile kile: "Lakini ulifaa kujua."

Hapo ndipo mimi na wao tunakosana. Ningejulia wapi?

Hoja yangu ni hii. Katika nchi hii mtu anaandikiwa dawa ya moyo ya kumeza mpaka siku atakapokufa, na hakuna anayeona ni kazi yake kumkalisha chini na kumweleza, kwa lugha anayoielewa, ile dawa itafanya nini na nini kitaivuruga. Na ukiwa na ugonjwa wa pili, kama mimi niliye na moyo na utumbo, unabaki katikati ya madaktari wawili ambao hawajawahi kuongea hata kwa simu.

Moyo wangu uliharibika kwa sababu ya koo. Nikiwa mtoto nilikuwa naumwa koo mara kwa mara, napewa asali na ndimu, inaisha. Koo likishambuliwa na bakteria fulani na lisitibiwe vizuri, kinga ya mwili inaweza kuchanganyikiwa ikaanza kuushambulia moyo, na vali zinabaki na makovu. Ugonjwa huu wa moyo wa ruma unawapata hasa watoto na vijana wa nchi maskini. Mwaka 2018 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kwamba serikali zote ziushughulikie. Mimi nilikuwa nimeshapasuliwa.

Utumbo ulikuja baadaye. Miaka mitatu niliharisha damu huku nikitibiwa amiba, taifodi, tena amiba, vidonda vya tumbo, na "stress ya ofisi". Mtu mmoja aliniambia nikaombewe. Nilipopigwa kamera hatimaye, nikiwa na miaka 24, jibu lilikuwa kolaitisi ya vidonda: kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpana wenyewe. Haiponi, inatulizwa tu, halafu inaamka tena. Kuna aliyeniambia kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu. Daktari wa Uingereza, Samuel Wilks, alieleza habari zake mwaka 1859, na ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ulielezwa New York mwaka 1932. Huo ndio uzungu wake. Utumbo wangu umezaliwa Kangemi.

Sasa sikilizeni vile vitu vilipangana wiki ile, kwa sababu hakuna kilichotokea kwa bahati mbaya.

Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K isitumike kutengeneza vile vitu vinavyogandisha damu. Kolaitisi ilikuwa imeamka, kwa hivyo nilikuwa siwezi kula mboga. Nilikuwa nakula wali mweupe, chai ya rangi na ndizi. Vitamini K ninayoitoa kwenye sukuma wiki ikapungua. Kile kidogo nilichokula kilipita mbio. Hapo tayari warfarini ilikuwa imepata nguvu zaidi ya kawaida. Kisha ikaja Flagyl. Warfarini huvunjwavunjwa na ini ili isijilundike mwilini, na metronidazoli huishika mikono ile sehemu ya ini inayofanya kazi hiyo. Kwa hivyo kila jioni niliongeza kidonge kipya juu ya kile cha jana ambacho hakijaondoka. Na damu yote hiyo isiyoganda ilikuwa na mlango wazi wa kutokea: vidonda vya utumbo wangu.

Mgongano huu wa Flagyl na warfarini si siri ya maabara. Uko kwenye vitabu vya famasia kwa miaka mingi. Nilichokosa ni mtu wa kuutoa kwenye kitabu na kuuleta kaunta.

Sijaandika haya ili mtu aichukie warfarini. Inatoka mbali: miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza, na utafiti wa Karl Paul Link kule Wisconsin ukafikia kwenye hii dawa. Iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948, na kufika 1954 ikawa dawa ya watu. Bila hiyo vali yangu ingeziba na nisingeandika hii makala. Ila dawa yenye historia ya namna hiyo humpi msichana wa miaka 19 na sentensi mbili tu: "Meza jioni. Usile sukuma."

Usile sukuma! Nairobi! Nilitii kwa miaka mingi kama mjinga, nikila kabichi peke yangu wakati nyumba nzima inakula sukuma na managu, mpaka mama mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi la kliniki akaniambia ukweli: kula, lakini kula kiasi kile kile kila wiki, ndipo daktari apange dozi kulingana na chakula chako. Shida ni kuacha ghafla na kuanza ghafla. Ni huyo huyo mama aliyeniambia kwamba warfarini inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, na kwamba nikitaka kushika mimba lazima niongee na daktari kabla. Nilikuwa na miaka 25 na nilikuwa na mpenzi. Miaka sita nilikuwa nameza dawa hiyo na habari ya maana kama hiyo nikaipata kwenye benchi.

Elimu yangu yote ya dawa nimeipata kwenye benchi. Hiyo inafaa kumtia mtu aibu, na mtu huyo si mimi.

Kuna kisa cha pili. Baada ya kutoka hospitali, daktari wa utumbo alinipa prednisoloni ili kutuliza uvimbe. Ni dawa inayofanya kazi, sikatai. Lakini inafanya mwili ushike maji na chumvi, na miguu yangu ikavimba. Daktari wa moyo alipoona miguu hakuuliza kuhusu prednisoloni. Alidhani moyo umechoka, akaongeza dozi ya furosemidi, ile Lasix, ya kukojoa maji. Mimi bado nilikuwa naharisha mara sita kwa siku. Kwa hivyo maji yalikuwa yanatoka mbele na nyuma, na potasiamu ikaondoka nayo. Misuli ya miguu ikaanza kukaza usiku, na moyo ukaanza kuruka mapigo. Kama hujawahi kukaa kwenye jam ya Waiyaki Way ukiwa na Lasix na kolaitisi mwilini kwa wakati mmoja, shukuru Mungu. Nimewahi kumwomba makanga anishushe katikati ya barabara, nikaingia kituo cha mafuta nikikimbia, na mlinzi akaniambia choo ni cha wateja.

Huo mnyororo una jina kwa watu wa kawaida: dawa ya kutibu dawa. Nilikuja kugundua kwamba wengi wako ndani yake na hawajui. Walio kwenye digoksini wako pabaya zaidi. Potasiamu ikishuka, digoksini inaweza kugeuka sumu hata kama dozi haijaongezwa, na dalili zake za mapema ni kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kuharisha. William Withering aliyeandika kitabu kuhusu mmea wake mwaka 1785 alishaona kwamba ukizidisha, mgonjwa anatapika na kuharisha. Sasa mwambie mtu mwenye kolaitisi aharishe, halafu uone kama kuna yeyote atashuku dawa ya moyo. Atapewa Flagyl.

Na mambo yanaenda pande zote mbili. Azathioprini, tunayopewa kutuliza kinga ya mwili, inaweza kupunguza nguvu ya warfarini. Infliksimabu, dawa kubwa ya utumbo, haifai kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu sawasawa. Diklofenaki, ambayo hapa mjini inatolewa kama peremende kwa kila maumivu, inaweza kuamsha kolaitisi, inaongeza hatari ya kuvuja damu ukiwa kwenye warfarini, na inafanya moyo dhaifu ushike maji. Dawa moja, maadui watatu. Ni ipi kati ya hizi ambayo daktari wa moyo anaweza kuiandika bila kuongea na wa utumbo? Kliniki zangu mbili ziko umbali wa dakika kumi kwa miguu, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa posta wao, nikibeba karatasi ambazo siwezi kuzisoma.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa.

Kwanza, madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Nimeona daktari akila mkate amesimama saa tisa mchana. Lakini siombi lekcha. Kijana wa kemisti alikuwa na muda wa kuniuliza kuhusu M-Pesa. "Kuna dawa nyingine unameza?" ni maneno manne. Siku tano nilizolala wodini zilikula muda mwingi zaidi wa madaktari hao hao.

Pili, na hili ndilo linaniudhi, wanasema mgonjwa akiambiwa madhara ataogopa na kuacha dawa. Wacha niwaambie kuhusu shangazi yangu. Alipewa enalaprili ya presha na moyo. Baada ya wiki chache akashikwa na kikohozi kikavu. Akatibiwa kifua. Akapimwa TB. Akabadilisha mto, akamfukuza paka. Miezi minne anakohoa usiku mpaka mumewe akahamia sebuleni. Mwishowe yeye mwenyewe akahisi ni ile dawa, akaiacha kimyakimya bila kumwambia mtu, na presha ikapanda mpaka akapata kiharusi. Kikohozi hicho ni madhara yanayojulikana sana ya dawa za kundi lile, na zipo dawa nyingine, kama losatani, ambazo kwa kawaida haziletei watu kikohozi. Sentensi moja ingemtosha: ukianza kukohoa, rudi tubadilishe. Hakuacha dawa kwa sababu aliambiwa madhara. Aliiacha kwa sababu hakuambiwa, na alipoyapata akadhani ni siri yake.

Tatu, wanasema soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Boksi gani? Nusu ya dawa zangu huja zimehesabiwa kwenye bahasha. Na boksi likiwepo, karatasi yenyewe ni Kiingereza cha maandishi madogo kama mchwa. Mimi nimesoma chuo, naandika matangazo kwa Kiingereza kila siku kwa mshahara, na bado siielewi. Mamangu, ambaye ndiye hunipangia vidonge nikizidiwa, ataielewa vipi? Kuna wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Moyo tunao, ini tunalo, damu tunayo, kuharisha tunakujua vizuri sana. Hayo hapo juu yote nimeyaeleza kwa lugha gani?

Isitoshe, hii si hisani tunayoomba. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwenye ibara ya 7. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa faida, hatari na gharama za matibabu, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Bodi ya Famasia na Sumu ina utaratibu wa kuripoti madhara ya dawa, na hata mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kuambiwa hivyo? Mimi nilijua mwaka huu.

Ninachodai ni kidogo. Kila kaunta ya dawa iulize mambo matatu kabla ya kuuza kitu: dawa nyingine unazomeza, ugonjwa wa kudumu ulio nao, na kama kuna mimba. Kila dawa ya moyo ya kumeza maisha yote ije na kadi moja ya Kiswahili yenye ukubwa wa kitambulisho: inafanya nini, dalili gani zikukimbize hospitali, dawa gani usichanganye bila kuuliza, ufanye nini ukiharisha ama ukitapika. Na mgonjwa wa magonjwa mawili awe na mtu mmoja, hata kama ni nesi ama mfamasia, ambaye kazi yake ni kuziweka faili mbili kwenye meza moja.

Sisi pia tuna deni letu. Tunaweza kuandika tweet kumi kuhusu ex wetu lakini kusema "ninaharisha damu" kwa daktari tunanong'ona. Mimi niliificha kolaitisi kliniki ya moyo kwa karibu mwaka, nikiona aibu mbele ya daktari kijana mtanashati. Aibu hiyo ilikuwa sehemu ya ile 9.2, na ninaikubali.

Nikiwa bado nyumbani napumzika, niliandika kadi yangu mwenyewe. Kwa Kiswahili, mistari minane: nina vali bandia, nina kolaitisi, nameza warfarini, usinipe Flagyl wala diklofenaki bila kumpigia daktari wangu, na namba zake. Nikailaminetisha kwa shilingi hamsini. Kisha nikarudi kwenye kemisti ile ile. Kijana alikuwepo. Sikumfokea. Nilimwekea kadi kaunta, akaisoma polepole mara mbili, uso ukabadilika. Akasema, "Pole sana, sister. Hatukuwa tunajua." Kisha akatoa simu: "Naweza piga picha? Kuna mzee hukuja hapa na hiyo warfarini, na juzi alikuwa anataka kitu ya maumivu." Nilimwambia apige.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii kwenye simu, pengine ukiwa kwa matatu: nyumbani kwenu kuna mtu anayemeza dawa ya moyo ama ya presha. Leo jioni mwombe akuonyeshe zote, hata zile za kwenye bahasha. Ziandike majina. Usimwambie aache hata moja, kwa sababu kuacha ghafla nako kunaua. Mpeleke na hiyo orodha kwa mfamasia ama daktari wake, na muulize mbele yake, kwa Kiswahili, hii itamfanya nini, na isichanganywe na nini. Akikwambia hana muda, kaa hapo hapo. Uliza tena.